Mahali Sauti Inapokaa

Ukifika nyumbani kwa Mwalimu, salamu zilisubiri. Kwanza alikukalisha kwenye kigoda katikati ya chumba, akakufunga kitambaa machoni, akakuvika hedifoni zake kubwa zilizobana kama viganja vya mtu mwenye hasira. Halafu ulimsikia kwa mbali, kama aliye ndani ya mtungi, akikuambia usigeuke, nyoosha kidole kule sauti inakotoka. Mtu alikohoa. Kufuli lilifunguliwa. Kuku alichakura majani. Ulinyoosha kidole huku na huku kwa uhakika mkubwa, na ulipofunguliwa macho ulikuta unaonyesha ukuta mtupu au paa, na Mwalimu amesimama pembeni anacheka bila kutoa sauti. Hapo ndipo aliposema, "Karibu. Habari za nyumbani?"

Wengine hawakurudi tena. Mzee mmoja wa kanisa alizivua hedifoni kwa mikono miwili, akaziweka chini taratibu kama anayetua nyoka bila kujua kama amekufa, akasema amekuja kuomba mchango wa harusi, hakuja kuchezewa kichwa. Mimi nilirudi kila mara. Nilikuwa mtunza stoo wa shule yetu ya sekondari, nje ya Arua kwenye njia ya Ombaci, ambako yeye alifundisha sayansi. Nilimaliza kidato cha nne, nikatamani kuendelea, nikaishia kushika funguo za chaki na mipira. Kwa Mwalimu nilipata mtu wa kunieleza mambo bila kuniuliza kwa nini sikuendelea.

Simtaji jina kwa sababu hakuna aliyemtaja. Wanafunzi walimwita Mwalimu, mapadri walimwita Mwalimu, na mke wake pia, hata alipokuwa akimgombeza kwa kusahau kununua chumvi.

Mashine ile aliachiwa na padri mmoja Mzungu aliyekuwa akirekodi kwaya, siku padri huyo aliporudi kwao akiwa mgonjwa. Ilikuwa ya kaseti, nzito kama matofali mawili, nayo iliandika upande wa kushoto na upande wa kulia kila mmoja peke yake. Ilikuja na mikrofoni mbili ndogo, kila moja kama punje ya haragwe. Padri alizitundika mbele ya waimbaji. Mwalimu yeye alizitia kwenye masikio ya mtu, moja kwenye tundu la kushoto na moja la kulia, kisha akamwomba mtu huyo akae kimya huku mambo ya dunia yakiendelea kumzunguka. Kilichofika kwenye masikio yale kilibaki kwenye mkanda. Wewe utakayevaa hedifoni baadaye, alisema, umeazimwa masikio.

Hujui maana yake mpaka uvae. Kwenye redio, sauti zote hutoka kwenye sanduku. Kwenye hedifoni za muziki hukaa ndani ya kichwa, zimejipanga mstari kati ya sikio na sikio. Lakini kwenye mikanda ya Mwalimu zilitoka nje zikakaa mahali pake. Mtu aliponong'ona begani kwako, nywele za shingo zilisimama, nawe ulijua kwamba huko nyuma hakuna mtu ila kabati la vitabu.

Kushoto na kulia ni kazi rahisi, alinieleza. Sauti hufika sikio moja mapema kidogo na kwa nguvu zaidi, na kichwa chenyewe hufanya hesabu. Shida ni mbele na nyuma. Aliye mbele yako kabisa na aliye nyuma yako kabisa, wote wawili wako mbali sawa na masikio yako yote. Kinachowatenganisha ni mikunjo ya sikio, hii nyama tunayowavuta watoto wakikosa, kwa maana huichuja sauti ya mbele kwa namna moja na ya nyuma kwa namna nyingine. Na mikunjo hiyo kila mtu ana yake. Kichwa chako kimeyasomea masikio yako tangu utoto. Ukiazima ya mwingine, kushoto na kulia utapata, lakini mtu aliyekuwa mbele atakwenda nyuma, na aliyekaa chini atapanda juu ya paa.

Nilimuuliza basi huwa tunafanyaje mitaani, maana si kila siku tunapotea. Akasema tunageuza kichwa. Sauti imekaa pale pale, masikio yamehama, na mara moja umejua. Ila mwenye hedifoni hana bahati hiyo. Akigeuka, kila kitu kinageuka naye, kama kofia.

Kwa sababu masikio ya watu yalimsumbua kwa kutofautiana, aliwahi kwenda kwa mfinyanzi mmoja upande wa Ajia kuagiza kichwa cha udongo. Mama yule aliuliza ni kichwa cha marehemu gani. Mwalimu akasema si cha marehemu, ni cha kusikilizia. Mama akakubali, na alipokileta kilikuwa na masikio mapana kama majani ya magimbi na hakikuwa na pua. Kama kazi yake ni kusikiliza, alisema, pua itafanya nini? Wanafunzi walikipa kichwa kile jina la Naibu Mkuu wa Shule, na naibu mwenyewe alipojua, wakafyeka uwanja mzima. Kila kilichorekodiwa kwa kichwa kile kilisikika kutoka juu. Nakumbuka darasa zima limefungwa vitambaa, kila mmoja akingoja zamu yake ya hedifoni, na kila aliyezivaa akanyoosha kidole angani kama anayeonyesha malaika. Mwalimu alikipenda hivyohivyo. Alisema kimekosea kwa uaminifu.

Alikuwa na maneno yake. Methali ya sikio halipiti kichwa aliichukia, akasema aliyeitunga hakuwahi kumsikia chui kabla ya kumwona. Na ukimletea uvumi alikuuliza swali moja tu: "Usiniambie umesikia. Niambie upande gani." Mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka na askari wakaanza kurudi nyumbani na magodoro juu ya malori, kila mtu Arua alikuwa na jambo alilolisikia. Mwalimu aliuliza swali lake kwa kila mmoja, na watu wakaanza kumkwepa.

Usidhani alikuwa mtu wa makini katika yote. Alipotea sokoni Arua, soko alilozaliwa karibu nalo, akanikuta nanunua viberiti akaniomba nimwonyeshe njia ya kutokea kana kwamba ni mchezo. Alihubiri juu ya kusikia, lakini yeye mwenyewe alizungumza chini kwa chini hata wanafunzi wa nyuma wakamaliza mwaka bila kuijua sauti yake. Betri zilipoisha alizianika juani kwenye bati kama dagaa, akazilinda zisiibwe, huku mlango wa nyumba ukiwa wazi. Na ingawa hakuna aliyeruhusiwa kugusa mashine, mke wake alihifadhi vitunguu kwenye sanduku la hedifoni, naye hakusema kitu. Kwa miaka kadhaa tulisikiliza dunia ikinuka vitunguu.

Mke alitoka Dranya, huko Koboko, nyumba ya Waislamu iliyotoa askari wengi. Mwalimu alikuwa Mkatoliki wa upande wa Arua. Ndoa ile ilinung'unikiwa pande zote mbili, ikasimama. Mke aliongea Kikakwa, mume Kilugbara, kwa hiyo ndani ya nyumba walikutana kwenye Kiswahili, kile cha kwetu kisichojali ngeli. Kati ya vichwa vyote alivyovitia mikrofoni, cha mke wake ndicho alichokitegemea, kwa kuwa mama yule aliweza kucheka mwili mzima bila kutikisa kichwa, sijui alijifunzia wapi, labda kwa kubeba maji. Mwalimu aliyasifu masikio yake mbele za watu jinsi wengine wanavyosifu macho. Mke aliwaambia wageni, "Huyu mutu alioa masikio. Hii ingine yote ilikuja bure."

Watoto hawakupata. Jambo hilo sikuwahi kuwauliza.

Wanaotujua wanajua jinsi mkwe anavyoishi na mama mkwe. Hawatazamani. Wakikutana njiani, mama hujifunika uso kwa nguo yake na kupisha pembeni, na mkwe naye huangalia nyasi mpaka apite. Mwalimu aliifuata heshima hiyo kuliko hata wazee wa Dranya. Aliniambia kwamba baada ya miaka yote ya ndoa hawezi kusema mama mkwe wake ana uso wa namna gani. Lakini alimjua kwa kikohozi na kwa kandambili zake. Akikaa nyuma ya nyumba Dranya, aliweza kukuambia sasa mama yuko jikoni, sasa yuko kwa mbuzi, sasa amesimama anafikiri.

Vita vilipotufikia Arua, watu waliikimbilia milio badala ya kuikimbia. Risasi ikilia bondeni, mlima unaijibu, na wewe hujui mwenye bunduki ni yupi na mlima ni upi. Siku tulipotoka shuleni, Mwalimu alisimama katikati ya barabara, amefumba macho, anageuza kichwa polepole kama kuku anayetafuta mwewe, na watu wenye mizigo wanampita wakimtukana. Kisha akaonyesha upande wa hatari. Alikuwa amekosea kabisa. Ule ulikuwa mlima. Mke wake, aliyekuwa ameangalia tu watu wanatoka wapi, alimshika mkono akamvuta kuelekea magharibi. Akamwambia, "Mwalimu, sauti utatafuta mbele ya safari." Wakaenda Zaire. Mimi na ndugu zangu tulikwenda kaskazini, Sudan. Watu wa Dranya pia walivukia Sudan, karibu na kwao. Kwa hiyo yaliyotokea Zaire sikuyaona. Ninayaandika kama alivyonieleza.

Huko mke wake aliugua homa iliyokuwa ikiondoka na kurudi. Siku zile wakimbizi walitumiana kaseti za salamu. Mtu alizungumza, akampa msafiri, na baada ya miezi mama yake ng'ambo ya pili alimsikia. Mke wa Mwalimu akataka kumsalimu mama yake. Mume akaitoa mashine aliyokimbia nayo, akaandaa mikrofoni ya kushika mkononi. Mke akakataa, akasema amtie yale maharagwe masikioni, anataka mama asikie kila kitu, hata mvua. Akazungumza kwa Kikakwa muda mrefu, mvua ikipiga majani ya paa na kuku wakijikusanya mlangoni. Mwishoni alichoka akaomba maji kwa Kiswahili. Mwalimu alikuwa ameketi mbele yake, magoti yao yakigusana. Akamshikia kikombe mdomoni, akamwambia, "Kunywa polepole. Mimi niko hapa." Mkanda ulikatikia hapo.

Haikupita wiki, akafa. Mwalimu akamzika huko, bila mtu hata mmoja wa kwao. Njia ya kwenda Sudan ilikuwa imefungwa, na kaseti haikupata msafiri. Lakini habari za vifo hazingoji njia. Dranya, au tuseme Sudan walikokuwa wakati huo, walifikiwa na neno kwamba binti yao alikufa peke yake kibandani, mume akizunguka na mashine zake. Nani alilileta, hakuna aliyejua. Kwetu mtu kufa peke yake ni jambo linalowakaa ndugu kooni. Mama yake alilimeza neno hilo na kuishi nalo.

Tulirudi kila mmoja kwa wakati wake, katikati ya miaka ya themanini. Shule haikuwa na mabati. Mwalimu alikuwa amekonda, na mashine ameibeba ndani ya gunia la unga wa muhogo. Alikuwa bado anaupuliza unga kutoka kwenye vitufe vyake. Naibu Mkuu wa Shule, yule wa udongo, tulimkuta kwenye magofu ya maabara, kuku wa jirani ametagia ndani yake.

Alichokitaka kilikuwa kimoja. Mama mkwe ajue kwamba binti yake hakufa peke yake, kwamba mtu alikuwa mbele yake na kikombe. Kwenda mwenyewe hakuweza. Mkwe hasimami mbele ya mama mkwe kujitetea, na kaka wa marehemu, aliyekuwa sajini zamani, alikuwa ametoa neno kwamba akimwona Dranya watapimana nguvu. Akanituma mimi. Alinipa kaseti, mashine na hedifoni, na maagizo mafupi: mama asikilize kwanza, peke yake, kwa hedifoni. Wengine baadaye, mmoja mmoja.

Mashine niliiacha nyumbani kwangu. Ilikuwa nzito, baiskeli ilikuwa mbovu, lakini hizo si sababu. Sababu ni kwamba niliona aibu. Msiba wetu unasikilizwa na ua mzima. Kumfunika mama masikio ili asikie peke yake, huku watoto wake wengine na majirani wamekaa wanamtazama mdomo, niliona kama kuficha kitu, na hao watu tayari walidhani kuna kitu kimefichwa. Nikajiambia sauti ni sauti. Nilijua sajini ana redio kubwa ya kaseti. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kigoda mara nyingi kuliko mtu yeyote wa Arua, na bado nikajiambia hivyo.

Walikusanyika. Redio ikawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Mama alikuwa ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la mlango. Sauti ya marehemu ilipotoka wanawake walilia, na mpaka hapo nilidhani nimefanya vizuri. Lakini redio ile ilikuwa na spika moja. Vyote vilivyokuwa na mahali pake kwenye mkanda, mvua juu, kuku mlangoni, mke katikati, mume, vilimwagwa kwenye tundu moja kama mizigo ya watu wote kwenye gunia moja. Kwenye hedifoni ungeiacha mvua juu ya paa ukamfuata mtu. Pale haikuwezekana. Mvua ilimlalia Mwalimu, naye kama mnavyojua alikuwa mtu wa kusema chini kwa chini. Ilisikika sauti ya mwanamke mgonjwa anaomba maji, na kwa mbali, nyuma ya mvua, mwanamume anasema niko hapa.

Sajini akairudisha nyuma, akaipiga tena sehemu ile.

"Anasema iko hapa," alisema. "Hapa wapi? Huyu iko kwa mulango. Mugonjwa anaomba maji, yeye iko kwa mulango."

Nilianza kueleza kuhusu masikio mawili, nikasikia mwenyewe ninavyosikika. Akaitoa kaseti, akaitia kwenye mfuko wa shati langu, akafunga kifungo cha mfuko kwa vidole vyake mwenyewe. "Rudisha kwa mwenyewe," akasema. "Sisi tumesikia."

Nilimwambia Mwalimu kwamba hawakuridhika. Nusu iliyobaki nilikaa nayo miezi. Nilipomwambia, aliuliza redio ilikuwa na spika ngapi. Moja, nikasema. Akauliza kuhusu mvua. Nikasema ilisikika zaidi. Akatikisa kichwa kama anaposahihisha jawabu alilolitarajia. Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine. Angenigombeza ningelala.

Baada ya hapo nilimkuta alasiri moja amekaa yeye mwenyewe kwenye kigoda, amejifunga kitambaa, hedifoni kichwani, mkono umeelekezwa nyuma juu ya bega. Alipovua aliniambia jambo ambalo nadhani hakuwa amemwambia mtu. Kila alipousikiliza mkanda ule, alijisikia yuko nyuma ya mke wake. Si mbele. Nyuma, karibu na kisogo, kama mtu aliyesimama anangoja kuondoka. Akanivika mimi, akaupiga. Nikanyoosha kidole kule kule nyuma. Ningeweza kudanganya. Hata leo sijui kama ingekuwa vibaya.

"Hata wewe," alisema.

Akawajaribu wanafunzi kwa kipande kile tu, bila kuwaambia ni nani. Wengi walionyesha nyuma, mmoja juu, mwingine akasema mtu yuko ndani ya kichwa. Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe, kwamba masikio ni ya mke, vichwa ni vyetu, na sauti ya mbele lazima ipotee.

"Najua sababu," akasema. "Naweza kukuandikia ubaoni. Lakini nikijisikia nyuma yake kila siku, nitaendelea kukumbuka mbele mpaka lini?" Akazungusha waya kidoleni. "Labda nilikaa nyuma. Labda kikombe alikishika mwenyewe."

Nilimwambia aache kusikiliza. Hakuacha. Alikuwa mtu aliyewafundisha wengine kutoamini uvumi, na sasa uvumi ulitoka kwenye mashine yake, kwa sauti yake, naye hakuwa na wa kumuuliza ni upande gani.

Miaka ikapita namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Wasudani walikuwa wamejaa kwetu kama sisi tulivyojaa kwao, na soko la Koboko lilikuwa na maneno mengi kuliko bidhaa. Sajini alinikuta Arua, kwenye duka la vipuri nilipokuwa nikiuza siku hizo. Alikuwa na fimbo. Aliagiza mnyororo wa baiskeli, akaupima mkononi, na huku anautazama mnyororo akasema mama yake amezeeka. Mama alikuwa akisema mambo. Alisema siku ile, nyuma ya pazia, alisikia mvua lakini mtoto hakumsikia vizuri.

"Anasema anataka kusikia mutoto yake," akasema. "Leta ile vitu ya masikio."

Nikauliza kuhusu Mwalimu.

"Aje. Lakini akae huko nyuma, kama mukwe."

Tulikwenda kwa pikapu ya wauza nyanya, mashine nimeipakata, Mwalimu kando yangu na betri mpya mifukoni. Tulipofika Dranya hakuuliza aelekee wapi. Alipita nje ya ua, akaketi nyuma ya ghala kwenye kijia, mgongo ameupa nyumba.

Mama alikuwa chumbani kwenye kigoda kifupi. Sajini alisimama mlangoni. Nilimweleza mama kwamba nitamvika kitu kichwani na kwamba asiogope. Akasema alishaogopa vya kutosha, nimvike. Akaushusha mtandio mabegani.

Mimi si mkwe. Hakuna kilichonikataza kutazama. Niliyatazama masikio yake, na mikono yangu ikasimama na hedifoni hewani. Nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimeyaona yakitiwa mikrofoni mara nyingi, kwenye kichwa cha binti yake. Mwalimu aliyeyasifu masikio yale mbele ya kila mgeni alikuwa mtu pekee asiyeruhusiwa kujua yalikotoka.

Nikamvika, nikabonyeza. Sisi wengine hatukusikia kitu, ila mashine ikinong'ona. Mama aliangalia juu, paani, akasema mvua, na sajini akachungulia nje kwenye jua kali. Kisha mama akagusa paji la uso wake mwenyewe. "Iko ndani," alisema. "Anaongea ndani ya kichwa yangu." Akatabasamu, akaanza kuitikia kwa Kikakwa, polepole, kama watu wanaopeana habari za mashamba. Machozi yalishuka hakuyafuta. Nilijua mkanda ule kwa kuutazama. Nilijua unakaribia maji.

Akashtuka. Akauvuta mtandio juu ya hedifoni, akajifunika uso wote, akageukia kushoto. Akatulia kidogo, halafu akageuka zaidi, akaelekea ukutani. Kigoda kikakwaruza. Akageuka tena, ameshika nguo usoni kwa mikono miwili, mpaka akamaliza kuzunguka na kurudi alipoanzia, goti langu mbele yake.

"Mama, nini?" sajini aliuliza.

"Mwambie atoke kidogo," mama alisema ndani ya nguo, kwa hasira ya mtu mzima aliyevunjiwa heshima. "Iko mbele yangu. Nikigeuka huku iko mbele, nikigeuka huku iko mbele. Mimi nitakwenda wapi?"

"Nani?"

"Mukwe. Na kikombe yake."

Mkanda ulikuwa umefika mwisho. Sajini alinitazama mimi, kisha akaitazama mashine muda mrefu. Akaegemeza fimbo yake ukutani, akapiga magoti mbele ya mama yake, akaanza kumfungua nguo usoni. Nikatoka.

Mwalimu alikuwa pale pale nyuma ya ghala. Alisikia miguu yangu, hakugeuka.

"Mama anasema utoke mbele yake," nikamwambia.

"Mbele?"

"Mbele. Amezunguka chumba kizima, uko mbele."

Akasimama, akakung'uta suruali. Akatoka kwenye kijia, akasogea pembeni hatua moja, akainamisha kichwa na kuangalia nyasi, na akakaa hivyo kwa muda ambao mama mzee angehitaji kupita.